Ng'ombe Aliyeitwa Sufuria Mvivu Kumi

Mimi ni mtoto wa Maneromango niliyehamia Tangini na kompyuta moja na mdomo mwingi. Mdomo ndio ulionipa kazi Magindu. Niliwaambia wafugaji wa kikundi kimoja kwamba namba za hereni za ng'ombe hazikaririki, bora kila ng'ombe apewe maneno matatu.

Si uchawi. Unaingiza taarifa: mwenyewe, rangi, baka, mwezi wa kuzaliwa. Programu inazisaga, sisi tunaita hashi, kisha unga ule unachagua maneno kwenye orodha. Taarifa zilezile, jina lilelile siku zote. Badilisha kitu kimoja tu, jina lote linageuka. Kosa langu ni orodha: niliikusanya jikoni kwa shangazi, nikaona uvivu kwenda mbali zaidi. Basi Magindu ikajaa kina Mwiko Mpole Saba na Kawa Hodari Mbili, watu wakacheka, wakazoea.

Isipokuwa mzee mmoja mwenye ng'ombe mmoja tu, jike la maziwa linalolisha wajukuu wake wanne. Jina la ng'ombe huyo lilitoka Sufuria Mvivu Kumi. Akanifuata mpaka Tangini. Sijawahi kuona mtu akiikasirikia kompyuta kwa adabu namna ile.

"Mwanangu, siku ya arobaini yangu mirathi itasomwa mbele ya watani," akasema. "Sufuria Mvivu Kumi anakwenda kwa nani? Hapo msiba umekwisha, zimebaki vigelegele."

Nikamweleza kwamba hashi haibembelezwi. Akaomba tujaribu tu. Basi tukakaa, watu wazima wawili na akili zetu, tukilihamisha baka jeupe la ng'ombe mguu hadi mguu kwenye kompyuta. Kweli lilikuwa nyuma kushoto. Tukaliweka mbele kushoto: Ungo Mchoyo Tatu. Akatikisa kichwa. Nyuma kulia: Chetezo Mtulivu Tisa, chombo cha kufukizia ubani. Mzee akafumba macho, akasema alhamdulillahi. Nikahifadhi, nikamchapia kadi ya ng'ombe wake.

Miezi miwili baadaye ng'ombe akakata kamba, hereni ikanyofoka, akajichanganya na kundi la mfugaji mwingine. Yule akadai ni wake, kamnunua juzi, hajamsajili. Mtendaji wa kijiji akaniita na simu yangu, akaniamuru mbele ya watu niingize jina la mzee na ng'ombe kama alivyosimama. Nikaingiza baka lilipo. Simu ikasema Sufuria Mvivu Kumi. Kadi ya mzee ilisema Chetezo.

Mtendaji akamuuliza mzee kulikoni. Mzee akaniangalia, akaangalia majani.

"Labda macho yangu, bwana mtendaji," akasema. "Labda si wangu."

Alikuwa ananifichia, na mimi nikanyamaza. Vijiji viwili vilikuwa vinasubiri kusaini mkataba na mimi. Jamani, nilinyamaza mpaka yule mfugaji akashika kamba. Ndipo nikasema baka nililihamisha mimi, kwa vidole hivi, kwa sababu ya watani. Watu wakacheka hadi wakakaa chini. Mtendaji akafuta kazi yangu palepale, akaamuru ng'ombe arudishwe kwa mwenyewe.

Nilimfuata mzee njiani. Hakugeuka.

"Ni maziwa ya wajukuu, mwanangu," akasema. "Muda wote ule uliponyamaza, ulikuwa unapima nini?"