Kipimo cha Mama kwenye Daftari la Fundi

Nilipokuwa shule ya msingi, mama aliimba sauti ya kwanza, mstari wa mbele wa kwaya. Nilipoingia sekondari alihamia sauti ya pili. Mwaka niliomaliza chuo nikarudi nyumbani Kakese, nilimkuta amesimama nyuma na wanaume, sauti ya nne, kilemba kimoja katikati ya vichwa vya akina baba. Mwalimu wa kwaya aliniambia sauti yake imekomaa. Nikamuuliza mbona za wanawake wenzake hazikukomaa namna hiyo. Akacheka, akasema sisi wasomi tuna maswali.

Nilikuja kwa wiki mbili. Ajira zilikuwa hazijatangazwa, na rafiki yangu Dodoma alikuwa amenishikia nafasi ya kujitolea ofisini kwao. Lakini mgongo wa mama ulikuwa umeanza kumuuma. Hakuweza kuinamia sufuria. Hakuweza kulala chali kwa muda mrefu, kwa hiyo alilala ameketi, ameegemea magunia ya mpunga, na kila alipotaka kujigeuza aliniita. Nikahamia chumbani kwake. Nikienda bombani nikakuta foleni, nilijua alipo ndipo atakapokuwa nikirudi, kama kiti nilichokiacha. Wiki mbili zikawa miezi minne. Rafiki yangu aliacha kunipigia, na sikumlaumu.

Kila mtu alikuwa na sababu yake. Majirani walisema ni palizi. Kanisani walisema ni vita vya kiroho, wakaja kuomba, mama akashindwa kupiga magoti nao. Bibi mmoja anayekanda watu alifika na chupa ya mafuta. Nilimzuia mlangoni, nikamuuliza anajua nini kuhusu uti wa mgongo.

"Najua mama yako analia," akasema.

Hata hivyo sikumruhusu aingie.

Mimi pia nilikuwa na sababu yangu. Nilisema ni kukaa vibaya na misuli kukosa nguvu, kwa kuwa ndivyo simu ilivyoniambia. Nikamtandikia mkeka, nikawa namsukuma magoti kuelekea kifuani huku nikihesabu hadi kumi. Mama alinitania kwamba amepeleka mtoto chuo akarudishiwa askari. Alivumilia siku kumi na tisa. Siku ya ishirini, nilipofika saba, akasema, "Basi," kwa sauti ile nzito, akafumba macho. Alisema amesikia kitu kikivunjika ndani, kama kijiti kikavu cha muhogo.

Mimi na jirani mmoja tulimpeleka hospitali mjini kwa bajaji, tukimshika huku na huku kila tuta. Picha ya eksirei ilionyesha pingili tatu za mgongo zimebonyea. Mbili zilikuwa za zamani. Moja ilikuwa mpya.

Daktari alikuwa kijana, labda tuko rika moja. Kilichonishangaza ni kwamba hakuitazama picha kwa muda mrefu. Alitazama mikono ya mama, kisha taya, kisha akamwomba atoe ulimi. Akamuuliza anavaa kiatu namba ngapi. Mama akasema siku hizi anavaa ndala za marehemu baba. Akamuuliza kuhusu pete ya ndoa. Mama akasema ilikatwa na fundi baiskeli kwa msumeno, kidole kilikuwa kimevimba, ni mambo ya umri.

"Mna picha zake za zamani?" daktari akaniuliza. "Nataka kujua amebadilika kiasi gani."

Hatukuwa nazo. Kulikuwa na kitambulisho tu, na pale kila mtu anafanana na kila mtu. Nilikuwa nimeshasema hapana nilipokumbuka sare za kwaya. Kila mwaka hushonwa mpya, na fundi ni yuleyule, pale soko la Kashaulili, mjini.

Fundi alitoa daftari lenye jalada gumu. Kila mwanakwaya ana mstari wake, na vipimo vya miaka yote vimepangana. Mstari wa mama ulikuwa umefutwa na kuandikwa upya mahali pengi. Mabega yalikuwa yanaongezeka. Mzingo wa mkono ulikuwa unaongezeka. Urefu kutoka shingoni hadi kisigino ulikuwa unapungua, kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka.

"Dada, mimi nilidhani utepe wangu umevutika," fundi akasema. "Nilinunua mwingine. Ukanipa jibu lilelile. Nikajua sasa ni macho."

Alikuwa amekwenda hata kupima macho. Nilicheka, halafu nikanyamaza, maana fundi alikuwa ametilia shaka utepe wake na macho yake, na mimi nilikuwa nimemtilia shaka kila mtu isipokuwa mimi.

Nilimpelekea daktari lile daftari, akapiga picha kurasa zile kwa simu yake. Alitueleza kwamba kuna tezi ndogo chini ya ubongo, na ikiota uvimbe inaweza kumwaga homoni ya ukuaji kwa mtu mzima ambaye alishamaliza kukua. Hawezi tena kurefuka, kwa hiyo anapanuka: mikono, miguu, taya, ulimi, koo. Ndiyo sababu sauti imekuwa nzito. Mifupa inaonekana minene, lakini ile ya mgongo hudhoofika ndani na kubonyea, hata bila kuanguka. Damu ilipelekwa kupimwa mbali. Majibu yalirudi na barua ya rufaa kwenda hospitali kubwa, akafanyiwe upasuaji kupitia puani.

Mama alisikiliza yote. Kisha akauliza kama sauti ya kwanza itarudi. Daktari akasema hapana. Akauliza kama mgongo utanyooka. Daktari akasema vidole vinaweza kupungua kidogo, lakini mfupa uliobonyea umebonyea. Upasuaji ni wa kuzuia yasiendelee, na hata hapo hawezi kuahidi kwamba hakuna pingili nyingine itakayovunjika.

Nilisubiri mama atoke nje, nikamuuliza daktari ile pingili mpya ni ya kwangu au siyo. Alijua nilichomaanisha. Alisema haiwezekani kujua, kwamba mgongo wa hivyo unaweza kuvunjika kwa kikohozi. Alisema hivyo ili kunifariji, na mimi siwaamini watu wanaonifariji.

Barua ikaingia ndani ya Biblia na kukaa humo. Kila nilipoigusa habari ya safari, mama alikuwa na jibu moja.

"Nikatobolewe pua, nirudi vilevile?"

Nilimweleza, nikamchorea, nikamsomea. Kadiri nilivyojua zaidi ndivyo nilivyozidi kushindwa, kwa sababu swali lake lilikuwa sahihi. Ndiyo, angerudi vilevile. Hilo ndilo jambo zuri kuliko yote tuliyoweza kuyatarajia. Tulikaa hivyo, yeye juu ya magunia yake, mimi kwenye mkeka, mvua ikipiga bati. Sikuthubutu hata kumwambia anyooshe miguu.

Kisha kwaya ikachangia kitambaa cha sare mpya. Mama hakuweza kwenda sokoni, fundi akaja mwenyewe kwa bodaboda na utepe wake shingoni. Tulimsimamisha mama, akajishikilia kwenye fremu ya mlango. Fundi ana magoti mabovu, kwa hiyo mimi ndiye niliyepiga magoti kushika ncha ya utepe kwenye kisigino. Akasoma juu, akaandika bila kutamka. Akapima mabega. Halafu akasita.

"Mama, niache akiba kama kawaida?"

Nilikuwa sijui kwamba miaka yote humwachia kitambaa cha ziada ndani ya mishono, kwa kuwa kabla mwaka haujaisha nguo humbana na hurudishwa.

Mama aliutazama utepe mkononi mwa fundi.

"Usiache," akasema. "Shona kipimo cha leo."

"Mama, mwaka jana ulinirudishia mara mbili."

"Mwaka jana sikuwa naenda hospitali. Naenda, na nikirudi inikae." Kisha akanisemesha mimi niliyekuwa bado chini. "Na wewe profesa, chukua hiyo barua. Ulizia treni ya Tabora ni siku gani. Basi litanimaliza kwa matuta."

Nilikuwa na la kusema. Daktari hakuahidi, na pindo bila akiba haliongezeki. Nilifungua mdomo, nikaona vidole vyake vinene vimeng'ang'ania fremu ya mlango.

"Umeandika?" nikamuuliza fundi.

"Nimeandika."

Nikaachia ncha ya utepe, nikasimama kumrudisha mama kwenye magunia.