Kijiji Kilichohamia Chini ya Ziwa

Wako watakaosema nilikuwa na malaria. Sikuwa nayo. Wengine watasema ni upweke tu, mtu wa bara amekaa pwani peke yake mpaka akaanza kuongea na kuta. Semeni mnavyotaka. Mimi nilikuwepo, nyinyi hamkuwepo, na haya niliyaona kwa macho yangu, taa ikiwaka.

Ninafanya kazi kwenye ofisi ya mizigo bandarini, na wakati huo nilikuwa nimepanga chumba cha juu Mji wa Kale, nyumbani kwa Bi Zuhura, mjane wa maneno machache na kahawa kali. Kwetu hasa ni mbali, rasi ndogo iliyochomoza ndani ya Ziwa Victoria. Ukipiga chafya ndani ya mashua umeshaipita. Kijiji chenyewe ni safu tatu za nyumba. Juu kilimani iko shule na kanisa. Katikati kuna duka moja na kinu cha kusagia mahindi. Chini, ukingoni mwa maji, wanakaa wanaokausha omena, vile vidagaa vya ziwani, na nyumba ya mwisho kabisa ilikuwa ya dada yangu Atieno na mumewe Ouma, fundi wa injini za mashua. Ni wachache sisi, hata mtu akikohoa chini, walio juu wanajua ni nani.

Mwaka ule ziwa lilikuwa likipanda. Lilimeza bustani, likameza choo cha jirani na kinu cha zamani, likafika makaburini. Nilimsihi Atieno ahame. Akanijibu, "Nihamie wapi, ndugu yangu? Kwenye ardhi ya nani?"

Sasa nisikilize. Bi Zuhura alinionya tangu wiki niliyohamia kwake: magharibi mtu akipiga hodi, usimwitikie mpaka afikishe ya tatu. Binadamu hurudia. Asiye binadamu hupiga moja tu, kisha hungoja. Mimi nilicheka moyoni. Kwetu mgeni hasimamishwi nje. Akifika, chakula kinagawanywa upya na mambo yameisha.

Basi jioni hiyo adhana ya magharibi ndiyo kwanza imekwisha, mimi nachemsha chai. Nikasikia hodi. Moja. Nikasema "Karibu" kabla sijafikiri.

Akaingia Mzee Olwenda, mwenye kinu.

Ngoja uelewe vizuri. Mzee Olwenda alikuwa amekwisha kufa. Nilisafiri kutoka Mombasa kwenda kumzika, na mimi ni mmoja wa walioshika jembe kuchimba kaburi lake, pale nyuma ya kinu cha zamani. Nilimtambua alipovuka kizingiti, na yeye alijua kwamba nimemtambua. Wewe ungefanyaje? Ungepiga kelele? Nilikuwa nimeshamkaribisha. Nikamvutia kigoda, nikammiminia chai ambayo hakuigusa.

Suruali yake ilikuwa imelowa hadi magotini. Ukingoni mwa nywele alikuwa bado na unga.

"Habari za nyumbani, mzee?" nikamwuliza. Ndiyo, nilimwuliza hivyo. Ulimi una mazoea yake.

"Nyumbani ni kwema," akasema kwa lugha ya kwetu. "Maji yalipotufikia tuliamka, tukajipanga upya. Bibi yako amekaa pale penye bustani. Mimi niko mlangoni pa kinu cha zamani, palepale. Wale watoto waliokwenda na surua tumewaweka pamoja, karibu na choo cha zamani, hawasumbui. Tumekuwa wengi, mwanangu. Tumewazidi nyinyi wa juu."

Alikuwa akieleza kama mtu aliyetoka kununua kiwanja kizuri. Niamini, hilo ndilo lililonitisha kuliko kitu chochote. Hakuwa na huzuni hata kidogo.

"Imebaki nafasi moja," akaendelea. "Ile ya mwisho, kwa dada yako. Tumeshafagia."

Nikamkatiza. "Ni ya Atieno?"

"Ni ya nyumba ile," akasema.

Laiti ningemwuliza tena! Lakini nilikwisha kurukia simu, nimempa mgongo. Atieno aliitikia akicheka, nyuma yake nasikia watoto wakigombania kijiko. Nikamdanganya kwamba redio imetangaza dhoruba. Akasema redio yao haijatangaza. Nikamwapia kwa kaburi la mama. Hapo akaacha kucheka.

"Sote?" akauliza.

"Wote. Wewe, watoto, na Ouma. Pandeni shuleni sasa hivi, msifungashe kitu!"

Nilipogeuka, kigoda kilikuwa kitupu. Bi Zuhura alikuwa amesimama mlangoni, kanga kichwani, anatazama sakafu.

"Magharibi hii wamwambia nani karibu, mwanangu?"

Chini ya kigoda palikuwa na maji. Nyumba za Mji wa Kale hulia chumvi, ukutani na sakafuni, kwa hiyo nikajaribu kujituliza kwamba ni unyevu wa bahari. Yule mama aliinama, akachovya kidole, akaonja.

"Si ya bahari haya," akasema. "Hayana chumvi." Kisha akaketi nami mpaka asubuhi, anavuta tasbihi yake, mimi nimeshika simu.

Ziwa lilikuja usiku huo. Likaibeba safu yote ya chini, na nyumba ya mwisho hata msingi wake haukuonekana. Atieno na watoto walikuwa shuleni, wakavu. Ouma naye alipanda nao, aliwafikisha, akawatandikia mkeka. Kisha akakumbuka injini ya mteja aliyoiacha ukumbini. "Ni mali ya watu," akamwambia mkewe, akateremka. Ndivyo alivyokuwa shemeji yangu. Mali yake angeiacha ioze.

Hatukumpata. Tulimtafuta kwa mashua, tukatafuta kwenye matete, mpaka wazee wakasema basi. Kwetu mtu aliyepotelea majini huzikiwa tunda la yago, lile refu kama mkono, linalazwa kaburini badala yake na kuliliwa kama mwili. Tulilizika kilimani, karibu na kanisa. Atieno alilifunika kwa shati la Ouma kwa mikono yake.

Siku hizi anaishi nami. Nilihama Mji wa Kale, tukapanga Tononoka, mtaa mwingine hapahapa Mombasa, wote pamoja na watoto. Nimepungua mwili. Maji ya mfereji nikiyasikia yakidondoka chumba kingine, siwezi kumeza chakula. Lakini hayo ni madogo. Kubwa ni kwamba dada yangu, akishawalaza watoto, huniuliza, "Ouma amepumzika pale kilimani, siyo?" Na mimi humwambia ndiyo. Kila anaponiuliza, humwambia ndiyo. Nitamwambiaje kwamba kilimani kuna tunda, na mumewe amepewa pale palipofagiwa, jirani wa Olwenda, na kwamba mlango niliufungua mimi?

Ndugu, ukikaa pwani shika adabu ya pwani. Hodi moja wakati wa magharibi, nyamaza, hata kama unadhani ni baba yako. Na ikiwa umekwisha kuitikia, usimwulize mgeni wako habari za kwao. Atakwambia, na ukishajua, hutapata wa kumgawia.

Tena nina ombi. Pale Tononoka yuko mwanamke anayeuza omena jioni. Nunua kwake, msalimu vizuri, nenda zako. Usimwulize mumewe amelala wapi.