Breki ya Kushoto

Riyadh ikishapata zile mvua chache za mwisho wa baridi, vijana wenye pesa hutoka na baiskeli za milimani. Kafili wangu, yaani mwajiri anayenidhamini, alikuwa na timu yake. Mimi nilikuwa dereva, kazi yangu kuwabebea hizo baiskeli kwa pikapu mpaka kwenye mlima wa mawe nje ya mji.

Mvua hulegeza mawe, kwa hivyo kapteni wao alitaka mtu atangulie kuijaribu njia. Huyo mtu hakuwa mmoja wao. Alikuwa Mkenya mwenzangu, mlinzi wa nyumba ya jirani, na kafili wake alimtoa kila Ijumaa kama mtu anavyoazimisha ngazi. Agenti wa Nairobi alikuwa amemwahidi kazi ya duka.

Mimi nilishuka kwanza kwa miguu na ufagio, nikiondoa kokoto. Yeye akanicheka kutoka juu.

"Fagia vizuri, mama watoto. Baba anakuja."

Kwao Kinangop alikuwa akiteremsha maziwa kwa baiskeli nyeusi, ile nzito. Baiskeli zetu, breki ya kushoto hushika gurudumu la nyuma. Ukiteremka na mzigo unafinya kushoto, kulia huigusi, na mkono hauulizi. Siku zote walimpa baiskeli kuukuu iliyofungwa breki kama zetu. Ijumaa hiyo wakampa mpya ya kapteni, ambayo kushoto ni ya mbele. Kapteni alijua. Nilikuwa nimemsikia akiwaonya wenzake mmoja mmoja kabla hawajaipanda. Mwenzangu hakuna aliyemwonya.

Alifika kwenye kona juu yangu, akafinya. Gurudumu la mbele likasimama palepale, yeye akaruka akapiga jiwe kwa kifua. Baiskeli ikalala ubavu, gurudumu la nyuma likizunguka hewani, tik tik tik, na hakuna aliyelisimamisha.

Kapteni akashuka. Nilimwambia tumkimbize hospitali. Akaenda kukagua fremu kwanza, akapitisha kidole kwenye rangi.

"Baiskeli kwanza," akasema.

Tukaipakia. Halafu akapiga simu, kwa sababu mtu hakuwa wa kwao na ikama yake, kibali cha kuishi, ilikuwa kwa kafili wake. Kafili akasema asipelekwe hospitali, arudishwe nyumbani kwake apumzike. Kapteni akakaa mbele kando yangu kuhakikisha sipotei njia. Mwenzangu alilala kiti cha nyuma cha pikapu, anapumua kama mtu anayekunywa chai moto.

"Mzee," akaniita, "imevunjika?"

Nikajua anauliza baiskeli. Nikamwambia haijavunjika.

Hapo nikakata kona kwenda hospitali, kapteni akinipigia kelele, yalla, rudi. Tulipofika alikuwa ameshanyamaza. Kwao waliambiwa moyo ulisimama. Kwani kuna maiti ambaye moyo wake unaenda? Agenti, kafili wake, kapteni: hao ndio walioua, na wote wanalala vizuri.

Mimi nilihamia Jeddah, dereva wa nyumba moja mtaa wa Al-Safa. Jioni hupita baiskeli nje ya geti, miguu ya mpandaji imetulia, gurudumu likijiendea, tik tik tik. Mkono wangu wa kushoto hujifunga wenyewe. Juzi nilikuwa naosha gari, ikapita, na madam akatokea mlangoni kuniuliza nazungumza na nani.

Nilikuwa nimesema haijavunjika.