Mwanaume Aliyelala Chini Mchana

Dorothée ndiye aliyeanza. Alikuwa akipita na kidumu chake cha maziwa kuelekea barabarani, akatupa jicho ndani ya nyumba ya Damascène, na lo! Mlango uko wazi, jua limeshatoka, mwanaume mzima amelala chali juu ya mkeka, magoti kayakunja, macho kwenye mabati. Hakuuliza. Dorothée si mtu wa kuuliza. Aliweka kidumu chini, akashika kichwa, akapiga yowe lililosikika ng'ambo ya bonde.

Sasa wewe usiyejua mambo ya Karuba utasema, kwani kulala ni kosa? Huku mwanaume hagusi mkeka mchana kama hana msiba. Mgonjwa hulala kitandani, mchovu hukaa kwenye kiti mbele ya nyumba, chini hulala mfiwa. Na Damascène alikuwa amemzika mkewe Emérita msimu ule ule. Tena alikaa na binti yake Nishimwe, mja mzito, ambaye mumewe yuko Walikale kwenye machimbo. Basi akili za watu zikaenda moja kwa moja kwa huyo binti. Kufumba na kufumbua uani kumejaa, mwenye kuni na kuni zake, mwenye maharage na maharage yake, akina mama wameshaanza kulia.

"Nani tena, Papa Nishimwe? Nani tena?"

Nishimwe akatokea jikoni na tumbo lake, mwiko mkononi. Kilio kikakatika.

"Hakuna mutu amekufa," Damascène akasema, bado yuko chini. "Niko nafanya mazoezi ya tumbo."

Kanyamibwa, mzee wa wabebaji wa ngobi, alicheka mpaka akakalia kuni za watu. "Mazoezi ya tumbo! Binti iko na mimba, baba njo anakunja magoti! Kati yenu nani atazaa?"

Uani kote wakacheka. Damascène aliona kabisa kwamba jambo lenyewe linachekesha, ila kicheko hakikuja. Siku hizo hakuna kitu kilichokuja. Alivuta pumzi, akabana kiuno chini, akaendelea. Kuanzia asubuhi hiyo wakamwita Papa Mukeka, naye akaitika.

Ngobi ni kitanda cha mianzi cha kubebea wagonjwa. Gari halipandi vilima vyetu, na mvua ikinyesha hata pikipiki zinakataa. Wanaume wanne huweka miti yake mabegani, wengine hufuata nyuma wakisubiri zamu. Aliyechoka hupaza sauti, "Badilisha!", na mwingine huingiza bega bila ngobi kusimama. Hiyo ndiyo kanuni, na ni kanuni nzuri, lakini wanaume wa huku wana vichwa vigumu. Mbebaji wa mbele akiita kabla ya kufika kijito cha chini, atachekwa mpaka mvua nyingine. Damascène alibeba mbele tangu ujana wake na hakuwahi kuita.

Kisha akajiumiza mgongo akibeba mbao. Akakandwa na majani ya moto, akajifunga kitambaa kiunoni chini ya shati, na hakumwambia mtu. Siku Emérita aliposhikwa na ugonjwa wa tumbo, aliingia mbele kama kawaida yake. Mteremkoni akasikia kiuno kinavuta. Akanyamaza. Kikavuta tena, akanyamaza tena, kijito si kile pale? Mara mgongo ukakaza, magoti yakalegea, ngobi ikapinduka na wote wakaanguka nayo kwenye tope. Kamba zikakatika. Walipomaliza kuzifunga upya, Emérita alikuwa haongei tena. Alifia njiani.

Watu walisema ni mapenzi ya Mungu. Muuguzi alisema ugonjwa ulikuwa umeshafika mbali. Damascène aliwasikiliza wote, akasema ndiyo, ndiyo, na hakudondosha chozi, si kaburini, si baadaye. Moyo ulikufa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya. Akipewa chakula, alikula. Akisalimiwa, alijibu.

Nishimwe ndiye aliyemsukuma aende kumwona Myriam, dada wa mazoezi ya viungo anayekuja kwenye kituo cha afya mara moja moja. Myriam alimpapasa kiuno, akamgeuza, akambonyeza tumbo.

"Papa, unalaumu mugongo bure. Tumbo yako imelala. Tumbo njo inashikilia mugongo."

Akamlaza chini na kumwonyesha. Kunja magoti, nyayo zikanyage. Bana kiuno kwenye mkeka, vuta kitovu ndani taratibu, pumzi usiizuie. Halafu nyanyua makalio, yakae juu kidogo, yashushe polepole. Mwisho simama kwa magoti na mikono kama mtoto anayetambaa, nyoosha mkono huu na mguu wa upande ule, mgongo usiyumbe. Na kabla ya kunyanyua mzigo wowote, tumbo kwanza.

"Nitabeba ngobi tena?" Damascène akauliza.

"Kwa nini ngobi?"

"Binti yangu atazaa wakati wa mvua."

Myriam akamtazama. "Utafanya kila siku, papa? Hata siku hausikie kitu?"

"Sisikie kitu siku zote."

Akafanya kila siku. Alifanya kama mtu anayemenya mihogo, mikono inajua kazi na kichwa hakipo. Nishimwe akipita alimruka miguu, akasema, "Papa, songa kidogo," akaendelea kufagia. Asubuhi moja aliinama kuchukua jembe, akasimama, na alishafika shambani ndipo akakumbuka kwamba hakuogopa kuinama. Mtu mwingine angepiga vigelegele. Yeye alianza kulima.

Kwa Kanyamibwa haikusaidia. "Papa Mukeka, wewe utabeba kidumu ya maji. Bega yako siitaki, pole." Damascène hakubisha. Lakini kila alipoona tumbo la Nishimwe limeongezeka, alirudi mkekani, hata jioni.

Uchungu ulimshika Nishimwe mchana wa mvua, siku ya soko la Mushaki. Wanaume wengi walikuwa wameshuka na ng'ombe na maharage yao. Kanyamibwa akasimama uani, maji yanamtiririka kofiani, akatazama waliokuja, akaona wazi mabega hayatoshi. Akamgeukia Damascène shingo upande.

"Utaweza?"

"Nitaweza mupaka pale nitasema sitaweza."

Wanaume wa ngobi hawajibu hivyo. Hata hivyo mzee akamwonyesha mti wa mbele.

Damascène akakunja magoti, akavuta kitovu ndani, wakanyanyua. Nishimwe aliguna juu yao. Tope lilikuwa lile lile la siku ile, njia ile ile. Kiuno kilinyamaza mpaka kwenye mikaratusi, na hapo, mahali kamba zilipokatika, kikaanza kuvuta. Kidogo tu. Na aibu ikaja vile vile kama ilivyokuja siku ya Emérita, ikimwambia bado kidogo, vumilia, kijito si kile pale.

"Badilisha!"

Alipiga kelele mpaka Nishimwe akaacha kuguna. Védaste, jirani yake, akaingiza bega, Damascène akatoka, ngobi haikutikisika hata kidogo. Alitembea nyuma yao mikono mitupu. Neno lenyewe lilikuwa jepesi namna hiyo. Alisubiri mtu acheke na hakuna aliyecheka. Walipovuka kijito aliingia tena, akabeba mpaka mlangoni pa kituo cha afya.

Hakungoja sana barazani kabla hajasikia kitoto kinalia ndani. Muuguzi akatoa kichwa, akasema ni msichana, mama mzima, subirini kidogo. Kanyamibwa na Védaste wakashikana mikono. Damascène akaitikia ndiyo, ndiyo. Kiuno kilikuwa kimechoka, na Myriam alikuwa amemwambia akichoka afanye nini, basi akajilaza chali kwenye saruji, akakunja magoti, akavuta kitovu ndani.

Akina mama waliokuwa wakisubiri kupimisha watoto wakamwona. Mwanaume chini, mchana, mlangoni pa wodi ya wazazi! Mmoja akashika kichwa. "Mama yangu we! Binti wa watu amekufa!" Na wenzake wakaanza kulia.

"Hapana," Damascène akasema. "Hapana, mama. Iko muzima. Amezaa. Wote wako wazima."

Alisikia sauti yake mwenyewe ikisema wazima, ikapasuka katikati. Machozi yakamtoka, na kwa kuwa alikuwa chali, yakamwingia masikioni. Hakuyafuta. Kitu kilimuuma kifuani kama mguu unaopata damu tena, kikauma kwelikweli.

"Sasa kama wako wazima, unalia nini?" yule mama akamuuliza, bado ameshika kichwa.

"Emérita," akasema. "Ni neno moja tu. Ningeita, mama. Hata yeye ningemwitia."

Yule mama hakumjua Emérita. Aliketi pale chini kando yake, akatandaza kitenge chake, akaanza kulia naye.