Kilichogonga Nyuma Siku ya Harusi Yangu

Siku niliyoolewa nilikatazwa vitu viwili: kucheka na kusema. Kwa desturi ya ukoo wetu, bibi harusi akishatoka kanisani hatoi neno mpaka mama mkwe amshike mkono na kumwingiza ndani. Kazi yake ni kuinamisha kichwa, kuangalia vidole vyake na kuonekana ana huzuni. Mimi furaha ilikuwa imenijaa mpaka kooni, na mdomo wangu haukuzoea kufungwa. Mama alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Asubuhi alinishika mashavu akaniambia, "Watakavyokuona leo ndivyo watakavyokujua. Usinitie aibu."

Akanikabidhi kwa shangazi, dada wa baba, ambaye hajawahi kupewa kazi akaifanya nusu.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya Uhuru. Pikapu tuliyoazimwa ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja wa kahawa wa Bukoba mjini, na nyuma yake alikuwa ameandikisha kwa rangi nyeupe UHURU NA KAZI. Tulitoka Rubya, nyumbani kwetu, kwenda Kanazi kwa mume. Mbele tulikaa watatu: dereva, shangazi katikati, na mimi mlangoni upande wa kushoto. Nyuma walijazana mama wadogo na dada zangu, mikeka, vikapu, vibuyu vya rubisi, ile pombe ya ndizi, pamoja na bwana harusi mwenyewe katika suti yake nyeusi. Shangazi ndiye aliyempeleka huko. "Atakaa naye maisha yake yote," alisema. "Leo ni zamu yangu."

Wanawake waliimba tangu kanisani bila kupumzika. Tulipokaribia Kamachumu wakanyamaza ili wavute pumzi, na hapo ndipo nilipousikia mlio. Ko. Ko. Ko. Ulitoka nyuma, chini kabisa, na kila gari lilipoongeza mwendo nao uliharakisha.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori la kahawa. Msimu wa mavuno alinipakia mara nyingi tukaenda naye mjini, na njiani alinizuia kupiga soga ili nisikilize gari. "Hili linaongea," alikuwa akisema. "Ukiongea na wewe, nani atasikia?" Kwa hiyo nilijua gari lisilo na kasoro linavyolia, na nilijua kwamba mlio huu haukuwa wa heri.

Dereva naye aliusikia. Akasimama sokoni Kamachumu, na kila mtu akawa fundi.

"Ni springi," dereva alisema, akiwaangalia mama wadogo mmoja mmoja. "Mzigo umezidi."

"Mzigo ni nani?" akauliza mama mdogo aliyekuwa mnene kuliko wote, na dereva akaona ni afadhali ainame achungulie chini ya gari.

Bwana harusi alikuwa seremala. Yeye aliona ubao wa bodi umelegea, akaugongea kwa jiwe mpaka akaridhika. Dada yangu mkubwa alisema ni kibuyu cha rubisi kinachogonga chuma, akakipakata kama mtoto mchanga. Tukaondoka kila mmoja akiwa na uhakika kwamba ameponya gari. Hatukufika mbali. Ko, ko, ko.

Tulipofika juu ya mteremko wa kushukia Muhutwe, dereva alizima injini ili aokoe petroli, kama walivyofanya madereva wengi wakati ule. Injini ikanyamaza lakini mlio haukunyamaza. Alipokanyaga breki kidogo, nao ukapungua pamoja na magurudumu. Hapo nikajua. Ilikuwa tairi, na katika tairi ilikuwa nati. Na mbele yetu barabara ilikuwa inashuka, na watu wangu wote wamo nyuma.

Nikamgusa shangazi. Akanifinya paja.

"Bibi harusi hana masikio," alininong'oneza.

Niliwaza jinsi nitakavyozikwa nikiwa na adabu zangu zote. Hasira ikanipanda, nikasema kwa sauti ambayo nadhani waliisikia mpaka ziwani: "Simamisha gari! Nati za tairi zimelegea! La kulia!"

Dereva alisimama, nafikiri kwa mshtuko tu. Nyuma wimbo ukakatika. Shangazi alijifunika uso kwa kanga. "Mawe, mama yangu! Tumekwisha."

"Nimeshika usukani tangu wakati wa Mwingereza," dereva alisema, "leo nafundishwa na shela."

Bwana harusi alisharuka chini. Alichukua spana, akajaribu nati za tairi la kulia, moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa zimekaza vizuri kabisa. Dereva akatabasamu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, nikaapa moyoni kwamba huko Kanazi nitakaa kimya mpaka nizeeke.

Ndipo bwana harusi akaja dirishani kwangu. Vumbi lilikuwa limemgeuza nywele nyekundu. Nilitegemea anikemee, au acheke, jambo ambalo lingekuwa baya zaidi.

"Bado unasikia ni tairi?" aliuliza.

Nikamtazama shangazi. Shangazi akawa anaangalia mibuni ya watu.

"Bado," nilimjibu. "Labda upande ndio nimekosea. Huku kulia tumepita kando ya ukingo mrefu, unarudisha sauti."

"Basi tuone la kushoto."

"Bwana harusi, tutachelewa," dereva alilalamika.

"Tutachelewa," alisema, akainama.

Hata spana hakuihitaji. Nati ya kwanza ilizunguka kwa vidole vyake, na ya pili pia. Ya tatu haikuwepo. Dereva alichuchumaa pale, akavua kofia. "Uhuru tumeshapata," alisema. "Imebaki kazi. Nipe hiyo spana." Mama wadogo waliteremka, wakautazama ule mteremko, kisha wakapiga vigelegele mpaka watu wakatoka migombani kuuliza harusi ni ya nani.

Kabla ya siku ile nilikuwa nimemkubali tu. Kumpenda kulianza pale kando ya barabara, alipokuja kuniuliza mara ya pili nikiwa nimetoka kukosea mbele ya ukoo mzima. Mikono yake ilikuwa na grisi mpaka kwenye shati jeupe la harusi, na nilimwona mzuri ajabu.

Lakini mama mkwe alikuwa bado mbele. Njia nzima shangazi alifanya mazoezi ya kuomba radhi. Tulipoingia uani Kanazi, dereva alikuwa wa kwanza kushuka, akaanza kuwasimulia wote, tena alianzia kwenye tairi la kulia. Shangazi akapiga magoti. "Mtusamehe, waitu, jamaa zetu. Mtoto amesema njiani."

Mama mkwe alikuwa mwanamke mwembamba, fundi cherehani. Alinigeukia.

"Ni kweli ulisema?"

Nikaitika kwa kichwa.

"Na tairi la kwanza ukakosea?"

"Ndiyo, mama."

Akanishika mkono. Tukawapita wageni, tukaipita meza ya chakula, akaniingiza moja kwa moja chumbani kwake, mbele ya cherehani ya mkono iliyofunikwa kitambaa.

"Inalia tangu Pasaka," alisema. "Mwanangu anasema ni meza. Kila kitu kwake ni mbao. Wewe isikilize. Hii ina gurudumu moja tu, hutakosea."

Nikafunua shela, nikatega sikio, nikamwambia, "Zungusha polepole, mama."