Vifuko Vilivyogoma Kuinuka

Wenzake kazini walimwita Bi Mashaka, naye alilijua jina hilo ila alijifanya halijui. Miaka kumi na tisa alikuwa fundi wa maabara. Alitengeneza vifuko vya utando laini, vidogo visivyoonekana kwa macho, vyenye maji ya sukari ndani na maji ya sukari nje, kisha akavipitisha kwenye mfereji mwembamba wa kioo na kuvitazama kwa darubini. Kifuko kilicholegea, kikisukumwa na maji, hujilaza na kuinuka taratibu kutoka kwenye kioo. Kilichojaa pomoni hubaki duara, kikabiringika chini bila kuinuka.

Chumbani walikuwa wawili: yeye na shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye yeye mwenyewe alimtafutia kazi hiyo. Jumatatu alimkuta kashika kichupa chake cha maji ya sukari, anakitazama kwenye mwanga. Mtu mpole, eti. Upole gani wa kushika vya wenzio? Tangu hapo akawa anakisuuza kichupa mara tatu kila asubuhi, asije akawa ametiliwa kitu, kisha anakijaza papo hapo.

Jumanne vifuko vikagoma kuinuka. Jumatano vile vile. Bi Mashaka hakutaka ushahidi zaidi. Akaanza kunusa hata vikombe vya chai vya shemeji yake, na Alhamisi asubuhi akampelekea mkuu wa maabara barua: huyu anaharibu sampuli, aachishwe kazi. Roho ilimsuta kidogo, akaipuuza.

Aliporudi, akakishika tena kichupa kukisuuza.

"Shemeji, hicho huwa unakikausha?" mdogo wa mumewe akauliza.

"Unauliza ili iweje?"

"Maji yanayobaki humo yanazimua sukari ya nje. Vifuko vinayanywa, vinajaa, vinakaza. Vikikaza haviinuki."

Alikikausha kwa hasira, apate kumuumbua. Akajaza, akatazama kwenye darubini. Vifuko vikainuka kimoja kimoja.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Na ukanyamaza?"

"Ulikuwa unanusa vikombe vyangu, shemeji. Ningekwambia, ungeniamini?"

Bi Mashaka alipanda ngazi mbio hadi kwa mkuu, akaomba barua yake kwa aibu. Mkuu akamrudishia, hajaifungua hata. Chini yake, mezani, palikuwa na barua nyingine iliyo wazi, ya shemeji, ya tangu jana, akiomba kuhamishiwa chumba kingine. Penye sababu alikuwa ameandika: mambo ya kifamilia.