Jiwe la Kusagia la Puge

Habari zilinifikia Ijumaa, watu wakitoka msikitini: mwongoza watalii wetu wa mtaa wa Ng'ambo, hapa Tabora, amefariki. Niliumia, maana nilikuwa bado na maswali yangu kwake. Kubwa ni hili: Tabora haina pwani wala simba wa kupigwa picha kando ya barabara, sasa mgeni anafuata nini?

Siku moja, kwa udadisi huo, niliomba kufuatana naye. Alikuwa na wageni wawili, mke na mume, katika njia ya zamani ya misafara upande wa Puge. Tukafika kwenye uwanja wa nyumba moja penye jiwe lililobonyea katikati. Akawaeleza kwa Kiingereza kwamba wapagazi wa pembe za ndovu walisagia hapo mtama wao. Bibi mwenye nyumba akaniuliza kimesemwa nini, nami kwa umbea wangu nikamwambia. Akashika kiuno. "Wapagazi gani tena, mwanangu? Jiwe hilo mume wangu alilileta kwa mkokoteni wa ng'ombe, mwaka alionioa!"

Wageni wakataka kujua bibi anasema nini. Mwongozaji wetu angeweza kuwaambia kuwa bibi anawakaribisha, na jina lake likabaki salama. Alikohoa, akatafsiri neno kwa neno, kisha akakiri kwamba kisa cha wapagazi alikitunga mwenyewe na amekisimulia miaka mitatu. Mume akafunga daftari lake. Nikajua kazi imemponyoka. Lakini mke alivua viatu, akapiga magoti, akaomba afundishwe kusaga. Hatukuondoka hadi ugali wa mtama ulipoiva.

Tangu hapo mwongozaji hakufungua kinywa kwenye uwanja wa mtu kabla ya kuwauliza wenyewe. Siku hizi tunahimizwa kupanua utalii, usiishie kwa wanyama na fukwe, uingie kwenye mapishi, asali, ngoma na njia za mababu. Naafiki. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila mwenyeji atapona vipi, ikiwa kinachosimuliwa uwanjani kwake yeye mwenyewe hakijui?

Msibani nilimkuta bibi yule, ameleta unga wa mtama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe Kizungu unakijua?"

"Kidogo."

"Basi uje Jumamosi. Kuna wageni aliowaahidi marehemu. Lakini useme ninavyosema mimi."

Nimekubali, na ninaogopa. Marehemu amenifundisha kwamba anayeongoza wageni lazima awe tayari kusahihishwa na mwenye nyumba, tena mbele yao.